Makumbi ya Bi Mosi

Runzewe,
Jumapili, baada ya misa.

Mwanangu mpendwa Vaileth,

Marahaba, mayu. Naitikia kabla hujaniamkia, maana ukishafika mwisho wa barua hii sijui kama utanipa shikamoo yangu. Basi naichukua mapema niwe nayo.

Hujambo wewe? Hajambo Blessing? Kile kikohozi chake kimekwisha, au bado anakohoa alfajiri? Mpake samli kifuani, ile niliyokuachia kwenye kopo la maziwa, na usimwache acheze na upepo wa bahari jioni. Na wewe unakula? Usiniambie umekula wakati umekunywa chai tu, nakujua toka ukiwa tumboni. Sisi huku hatujambo kiasi. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamesimama, ila viwavi wameanza. Kaka yako Nestory anakusalimu, mke wake naye, na Mama Hosiana wa jirani kasema umtumie kanga ya huko, nimemwambia aache tamaa.

Utashangaa kuona barua siku hizi za simu. Nestory naye kashangaa. Simu yake akiongea mtu wa Unguja anasikika mpaka kwenye zizi, na haya niliyo nayo si ya kusikika kwenye zizi. Akataka basi aniandikie yeye, maana mwandiko wangu wa kisomo cha watu wazima unaujua, herufi zinalala kama mtama uliopigwa na mvua. Nimekataa. Nimekaa nyuma ya nyumba peke yangu na kalamu ya mtoto, na pale penye doa usidhani ni maji ya mvua.

Safari ya kurudi ilikuwa nzuri. Boti ilinitapisha vilevile kama siku ya kuja huko, basi halikunitapisha. Nilifika salama. Lakini sikukuandikia kwa ajili ya safari.

Unakumbuka kila jioni ulipotoka kufua mashuka ya hotelini, mikono imekukunjamana kama ya bibi, ulikuwa unaniuliza, Mama leo umefika wapi. Na mimi nakujibu hapo hapo tu. Haikuwa hapo hapo tu, mwanangu. Acha nikuambie nilikokuwa nafika, kisha nikuambie na lingine.

Siku ya kwanza unaijua, ulicheka mwenyewe. Nililala bahari ipo, nimeamka bahari haipo. Nikatoka mbio na kanga moja kuwaambia watu kwamba maji yamekauka. Bi Kazija, jirani yako, alikuwa anafagia ukumbi wake, akacheka mpaka akakaa chini na ufagio. Akasema Mama Dhahabu, tulia, imekwenda sokoni, itarudi. Ndiye aliyenipa jina hilo la Mama Dhahabu, aliposikia natoka huku kwenye machimbo. Kuanzia hapo kijiji kizima kikaniita hivyo. Nikipita kwenye mwani, wanawake wananiuliza kwa sauti, Mama Dhahabu, umetuletea au umeiacha kwa mumeo? Nawajibu mume wangu alishakufa, na dhahabu yenyewe sikuwahi kuiona ikilala nyumbani kwangu. Wanacheka. Nilipenda sana kuchekwa nao. Nilikuwa sina mtu huko, na mtu akikutania anakuwa amekuona.

Bi Kazija akanifundisha kutembea pwani. Nivae kandambili kwa ajili ya miba ya wale wadudu weusi, nisikanyage kwenye majani, na nikisikia mngurumo unasogea nirudi bila kungoja kuuliza. Mngurumo ule ni wa mawimbi yanayovunjika mbali kwenye mstari mweupe. Masikioni mwangu ulikuwa kama makarasha ya Bulyanhulu yakisaga mawe, tofauti yake huu hauzimwi. Kule kwenye mawimbi niliwaona wale vijana wanaosimama juu ya ubao wakipanda maji, na wale wengine wanaovutwa na tiara. Kuna mmoja alianguka akapotea ndani ya povu. Nilitoa rozari palepale nikamsalia, nikijiuliza mama yake anajua mtoto wake yuko wapi saa hizi. Akaibuka anacheka. Nilitaka kumchapa.

Nilikuwa nafika mbali, mayu. Nilifuata mchanga mweupe kwenda juu, nikapita hoteli yenu, nikapita ile nyingine yenye makuti mapya, mpaka kijiji cha pili, kule nyumba zilikojengwa kwa mawe ya baharini na paka wanalala mlangoni kama watu. Kule hawakunijua, lakini kila mlango uliniuliza mie ni wa nani, na nikisema ni mama yake Vaileth wa kufua mashuka, wananipa kigoda. Bibi mmoja alinipa pweza, nikampa matobolwa yangu, viazi vya kukausha niliyotoka navyo nyumbani. Akayageuza geuza, akauliza ni viazi au ni ngozi ya kiatu. Akatia kimoja mdomoni, akatafuna. Kesho yake nilipopita akaniita mwenyewe, ati we bibi wa Bara, vile viatu vyako vimebaki?

Nilikuwa na raha. Nataka ulijue hilo, ili usije ukafikiri nilifanya nililofanya kwa kuwachukia.

Bi Kazija ndiye aliyenionyesha na mashimo ya makumbi. Mimi nilikuwa nadhani kumbi la nazi ni takataka, kumbe kule ni shamba. Wanawake wanalifukia kwenye mchanga maji yanapofika, wanapanga mawe juu, wanaliacha lioze miezi mingi, kisha wanalifukua na kulipiga kwa nyundo ya mti mpaka linatoa usumba, wanausokota kamba. Kila mmoja ana mashimo yake, na anayajua kwa jinsi alivyopanga mawe. Ya Bi Mosi yalikuwa mengi kuliko ya wote, yule mama mnene anayeuza na vitumbua. Alikuwa anangoja yakishakuwa tayari amuozeshe binti yake kwa kamba zile. Bi Kazija naye yake yalikuwa jirani, na wale wawili walikuwa na ugomvi wa mpaka. Nilimsikia mwenyewe siku moja akimwambia Bi Mosi mbele za watu, kama hutaki kusogeza mawe yako, haya, bahari itakusogezea.

Neno lile ndilo lililokuja kumponza.

Ile siku ya harusi ya jamaa wa kijiji cha pili unaikumbuka. Kijiji chetu chote kilihamia kule, mpaka mbuzi walikosa wa kuwafukuza. Wewe ulikuwa kazini, Blessing alibebwa na Bi Kazija akapelekwa harusini na wajukuu wake, amepakwa wanja. Mimi nilibaki, nikasema goti linauma. Jioni tukasikia kelele pwani. Mashimo ya Bi Mosi yalikuwa wazi, mawe yametupwa pembeni, na ilikuwa siku za bamvua, bahari inatoka mbali sana na kurudi kwa hasira, basi iliporudi ilizoa makumbi yote. Mengine yalikuwa yanaelea kule kwenye povu kama vichwa vya watu. Bi Mosi aliingia majini na nguo za harusi, anayafuata, anaanguka, wenzake wanamvuta. Sitasahau sauti yake.

Kesho yake wakaitana uwanjani. Wewe ulikuwa kazini, yaliyosemwa uliyasikia kwangu, na mimi nilikupa nusu. Sasa pokea nusu iliyobaki.

Watu wa kwanza kusema walisema ni Wabara. Walisema hawa waliojaa kwenye mahoteli hawajui cha mtu. Macho yakaanza kunitafuta. Nikakuona wewe umetolewa vyombo nje, umesimama barabarani na godoro na mtoto. Ndipo Bi Kazija akasimama. Akawauliza kama wana akili. Akasema, huyu Mama Dhahabu hajui hata maji yanatoka saa ngapi, juzi tu alikuwa anakimbia na kanga moja kutangaza bahari imekauka, leo ndiye afukue makumbi? Watu wakacheka, macho yakaniacha.

Kicheko kilipokwisha, mmoja akasema, kama si Mbara basi ni mwenye ugomvi. Wakakumbushana lile neno la bahari itakusogezea. Mwingine akasema alimwona Bi Kazija akitoka harusini kabla ya wenzake, kamwachia binti yake watoto, kapita njia ya pwani peke yake. Wakamuuliza alirudi kufanya nini. Akajibu alirudi kumletea Mama Vaileth sahani ya pilau, maana mgonjwa wa goti hapaswi kulala na njaa wakati watu wanakula harusi.

Wakanigeukia. Wakaniuliza, ni kweli alikuletea?

Mwanangu, nilisema nilikuwa nimelala. Nilisema nilipoamka nilikuta sahani, aliyeileta sikumwona wala saa yake siijui.

Hiyo ndiyo nusu. Wewe nilikuambia tu kwamba wamemjua mwenye kosa na ni Bi Kazija. Ukaumia, maana ndiye aliyekukanda ulipojifungua, ukasema hukumtegemea. Ukamwondoa Blessing kwake, ukampeleka kwa yule mama wa dukani. Ukaacha kumwamkia. Niliona kila siku anavyosimama ukumbini asubuhi ukipita, anasubiri, na wewe unaangalia simu. Wenzake nao waliacha kwenda kupiga makumbi naye. Zile nyundo zao zilizokuwa zinalia pamoja huku wakiimba, ikabaki nyundo moja nyuma ya nyumba yake. Nilikuwa naisikia nikiwa kitandani mchana. Ndiyo maana niliaga ghafla nikasema dada yangu anaumwa Ushirombo. Dada yangu haumwi. Juzi nimemkuta anacheza ngoma.

Sasa nakuambia. Ni mimi, Vaileth. Mashimo ya Bi Mosi nilifukua mimi mama yako.

Sikufukua kwa uadui. Unajua nilikulea na nini. Ulikuwa mgongoni mwangu wakati naosha marudio, ule mchanga waliokwisha kuutoa mali wenyewe wakatuachia sisi wajane tuuchekeche tena. Jicho langu limekaa miaka mingi ndani ya karai. Likiona mchanga mweusi wenye kung'aa, haliniombi ruhusa. Na pale kwenye mashimo yale, kando ya mawe, mchanga wote wa pwani ni mweupe isipokuwa ule. Mweusi ti, na ndani yake kuna kitu cha manjano kinameta. Nilikiona siku ileile Bi Kazija ananionyesha. Nikanyamaza, kama tunavyonyamaza huku. Mali haitangazwi, ukiitangaza inakimbia. Ningeuliza neno moja tu, mbona mchanga huu ni mweusi, yeye angenijibu akicheka kwamba ni uozo wa makumbi. Lakini mtu wa machimbo haulizi.

Nikawa silali. Nilikuwa naiangalia mikono yako unavyokunywa chai, ngozi imechubuka kwa sabuni ya hotelini, nasema Mungu kanileta huku kwa sababu. Nasema hawa watu wanafukia makumbi juu ya utajiri. Nilitaka uache kufua mashuka ya watu, mayu. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu nikupe kitu ambacho hukukitafuta mwenyewe.

Siku ya harusi goti halikuuma. Kijiji kilipokwisha kuondoka nilichukua beseni lako la kuogeshea mtoto nikashuka. Nilianza pembeni, nikaona mchanga unazidi kuwa mweusi kuelekea chini ya mawe, nikatoa jiwe moja, nikatoa la pili, kisha mikono ikaenda yenyewe kama ya zamani. Makumbi niliyarusha nyuma. Nilijua ni ya mtu, sitakudanganya. Nilisema nitayarudisha nikimaliza. Nilikuwa naosha, naimba, hata Kisukuma changu chote kilirudi, nikajiona kijana. Mngurumo ulipoanza kusogea niliusikia, na nikasema karai moja tu bado. Hivyo ndivyo wanavyofukiwa watu huku, kwa karai moja bado. Maji yalinifika kiunoni. Nilikimbia na beseni na kile nilichokipata kwenye pindo la kanga, nikaacha mashimo wazi. Nilipogeuka makumbi yalikuwa yameshaanza kwenda.

Nilipofika nyumbani nikakuta sahani ya pilau imefunikwa kwa kawa, bado ina moto.

Unaelewa, mwanangu? Bi Kazija aliingia ndani. Alinitafuta kitandani kwangu asinikute. Alijua sikulala. Siku ile uwanjani niliposema nilikuwa nimelala, aliniangalia. Alikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba alikuta kitanda changu kitupu, na yote yangekwisha kwake na kuanza kwangu na kwako. Hakulisema. Akaangalia chini, akapunga mkono mara moja kama mtu anayefukuza nzi, akakaa.

Siku ya kuondoka kwangu, wewe ulinisindikiza mpaka barabarani ukawahi zamu. Nilipobaki peke yangu nangoja gari, alikuja. Kanipa kamba mpya ya usumba, kaisokota mwenyewe, akasema nikamfungie mbuzi wangu. Akanifunga mzigo vizuri, akaniambia taratibu, Mama Dhahabu, pwani nayo ni shamba, jiwe likiwa limepangwa lina mwenyewe. Kisha akasema nisiwe na wasiwasi na mtoto, kwa mama wa dukani anapita kila siku kumchungulia kwa mbali. Akaenda zake.

Na ile mali? Nilifika nayo hapa nimeifunga kwenye kitambaa, nimeilalia njia nzima. Nikampelekea Maduhu, yule mnunuzi wa pale senta. Akaimwaga kwenye jiwe, akaigonga na kichwa cha msumari. Dhahabu ukiigonga inalala, unajua. Ile ikawa unga. Akaniambia Mama Vaileth, hivi ni vigae vya kombe, umetuletea mchuzi wa baharini? Vijana wake wakacheka mpaka wakashikana. Kuigonga na msumari hata mimi najua, mayu, nilijua tangu kule. Sikuigonga kwa sababu sikutaka kujua.

Niliposimama pale nachekwa sikuona aibu ya kuchekwa. Niliona ile nyundo moja inayolia nyuma ya nyumba.

Sasa fanya hivi, kama bado mimi ni mama yako. Kabla ya yote mchukue Blessing umpeleke kwa Bi Kazija. Mwamkie kwanza, usianze kueleza ukiwa umesimama. Msomee barua hii, yote, hata pale ninapoonekana vibaya. Yeye ndiye wa kusema kama isomwe uwanjani. Akikataa kwa kukuhurumia, mwambie mimi ndiye nimeomba, isomwe na Bi Mosi akiwepo. Wakikutolea vyombo nje, mwanangu, nisamehe. Niliogopa hilo mpaka nikamtoa mwenzangu badala yako, na yeye ndiye alikuwa anakulinda. Waambie wewe hukujua, beseni tu ndilo lako.

Mimi barua hii naituma na dereva wa basi anayemjua Nestory, na mwenyewe nafuata nyuma yake nikishamaliza palizi. Nauli usiulize. Ile kamba ya mbuzi haina mbuzi tena, nimefungia mzigo. Nakuja kukaa kwa Bi Mosi. Nitakusanya makumbi, nitayafukia, nitapanga mawe anavyotaka yeye, nitakaa yaoze, nitayapiga. Wakisema niyapige peke yangu nyuma ya nyumba nitayapiga peke yangu, haki yao. Lakini Bi Kazija arudi kwa wenzake, waimbe naye.

Nisalimie Blessing, mwambie bibi anamletea karanga. Nisalimie yule bibi wa pweza, matobolwa nimemkaushia. Bi Mosi simtumii salamu, salamu yangu kwake nitaipeleka kwa miguu yangu. Bi Kazija mpe shikamoo yangu, uipeleke kwa mikono miwili. Nestory na mkewe wanakusalimu tena, wao hawajui lolote, wanadhani nakufuata kwa ajili ya mtoto.

Siku nitakayoshuka garini, ukiniamkia nitaitika. Usiponiamkia sitakulaumu, nitapita taratibu niende pwani. Kazi yangu naijua ilipo.

Mimi mama yako anayekupenda,
Salvina.